Alama Kumi za Karatasi Namba Saba

CHAMA CHA WASTAAFU WA CHUO CHA UALIMU MIANZINI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Januari 1956, barazani kwa Mwenyekiti, Temeke, kuanzia saa tisa na robo alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Mwishehe Hija, Mwenyekiti (mpishi mkuu wa Chuo, miaka ishirini na miwili)
2. Bw. Bakari Marijani, Katibu (mtunza stoo, miaka kumi na tisa)
3. Mwalimu Leodegar Komba (hesabu na mwandiko, miaka ishirini na saba)
4. Bw. Elinaza Mshana (useremala, miaka kumi na minne)
5. Bi Hamisa binti Shomari (dobi, miaka ishirini)

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Kamugisha, kwa udhuru. Amekwenda Bukoba mazikoni.
2. Bw. Fransis Mbena, bila udhuru. Ameonekana akielekea Ilala kwenye mpira, amevaa viatu vipya.

WALIOITWA BAADAYE
Mwajabu binti Kondo, mtahiniwa, na baba yake, Bw. Kondo Salum, kuli wa bandarini; Demetria, mtahiniwa, mjukuu wa Mwalimu Leodegar.

KUMB. NA. 1/56: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, na wenzetu Wakristo wakaomba kwa namna yao. Alieleza kwamba kikao kimeitwa kwa ombi la Mwalimu Leodegar, aliyefika kwake Alhamisi alfajiri kabla jiko halijawashwa, na alipokaribishwa asubiri chai akasema hataki. Mwenyekiti alisema alijua papo hapo kwamba jambo ni zito, kwa kuwa katika miaka ishirini na miwili ya kumpikia hakuwahi kumsikia Mwalimu akikataa chai.

Mwenyekiti aliwakumbusha wajumbe kilichotukutanisha. Tangu tulipostaafu, Mkuu wa Chuo hukipa chama hiki nafasi moja kila mwaka, ya mtoto tutakayemchagua wenyewe kwa mtihani wetu wenyewe, naye husoma bila kudaiwa ada. Sisi tunamtunza. Bw. Elinaza humtengenezea sanduku, Bi Hamisa humshonea sare na matandiko, Mwenyekiti humlisha siku za likizo, na Mwalimu Leodegar huwafundisha watoto wote wa mtaa kila jioni barazani kwake, bure, anayeomba na asiyeomba. Kijana wetu wa kwanza sasa ni mwalimu Kisarawe. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nafasi ni ya darasa la wasichana.

Mwenyekiti alimalizia kwa maneno yake ya siku zote: "Kustaafu ni kuacha mshahara, si kuacha kazi." Katibu amekwisha kuyaandika maneno hayo katika vikao kumi na kimoja, na anayaandika tena kwa sababu hajaona bado siku yalipokuwa uongo.

KUMB. NA. 2/56: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA

Itakumbukwa kwamba tangu chama kianze, Mwalimu Leodegar huchukua kumbukumbu za Katibu nyumbani kwake na kuzirudisha zimejaa wino mwekundu. Katibu amewahi kulalamika juu ya jambo hili (tazama KUMB. NA. 6/54, na pia 3/55, na pia 9/55), kwamba yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu, aliyetunza stoo ya Serikali miaka kumi na tisa bila kupotea hata kijiko. Malalamiko yalisikilizwa. Wino uliendelea.

Safari hii Mwalimu alizirudisha kumbukumbu hazina hata nukta moja nyekundu. Katibu anakiri kwamba alizigeuza kurasa mara mbili akitafuta, na kwamba makosa mawili aliyaona yeye mwenyewe. Hapo ndipo na yeye alipoingiwa na hofu.

Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/56: MAELEZO YA MWALIMU LEODEGAR

Mwalimu aliomba kusimama. Mwenyekiti alimwambia akae, goti lake linajulikana. Alisimama.

Alieleza kwamba katika mtihani wa Jumamosi iliyopita, tarehe 7, watahiniwa walikuwa tisa. Kwa mujibu wa taratibu zetu, hakuna aliyeandika jina. Kila mmoja alipewa namba, na orodha ya namba na majina ilifungiwa na Katibu ndani ya kopo la biskuti. Taratibu zinataka pia msahihishaji wa pili apitie kazi ya wa kwanza. Wa pili ni Bw. Kamugisha, na Bw. Kamugisha alikuwa safarini. Mwalimu alisahihisha peke yake.

Alisema kwamba alipofika karatasi namba saba aliutambua mwandiko. Herufi zilisimama wima, mkia wa kila "g" umekunjwa mara moja tu, na mistari haikupanda wala kushuka ingawa karatasi haikuwa na mistari. Mwandiko ule ni wa kwake, aliutoa mkononi mwake na kuufundisha Mianzini miaka ishirini na saba. Katika watahiniwa tisa, aliyekaa nyumbani kwake na kufundishwa naye asubuhi na jioni ni mmoja, mjukuu wake Demetria. Akaamini namba saba ni Demetria.

Karatasi hiyo ilikuwa imepata alama sabini na nane, nayo ilikuwa ya kwanza. Mwalimu alisema aliiweka chini akatoka nje akatembea. Aliwaza kwamba watu watasema Mwalimu kamchagua mjukuu wake. Aliporudi aliipitia upya, safari hii kwa jicho la mtu anayetafuta. Alipunguza alama nne kwenye insha na sita kwenye mwandiko. Namba saba ikabaki na sitini na nane. Namba nne, yenye sabini na moja, ikawa ya kwanza, na Mwalimu akalala usingizi mzuri akijiona ametenda haki.

Jumanne jioni Katibu alifungua kopo na kusoma matokeo mbele ya wazazi na majirani. Namba nne ikawa ndiye Demetria. Kisha, kwa desturi yetu kwamba karatasi hurudi kwa mwenyewe ili aone makosa yake, watoto walirudishiwa karatasi zao, na namba saba ikachukuliwa na Mwajabu binti Kondo, mjukuu wa Bi Hamisa.

Mwalimu alisema katika kusahihisha karatasi ile alikosea. Alimnyima mtoto wa watu haki yake kwa kuogopa kumpendelea wake, na aliyefaidika ni huyo huyo wake. Baada ya maneno hayo alikaa.

KUMB. NA. 4/56: MAJADILIANO

Mwenyekiti alifungua mjadala.

Katibu aliona ni wajibu wake kusema kwamba kosa si la mtu mmoja. Yeye mwenyewe aliombwa Jumapili aihakiki kazi ya Mwalimu kwa kuwa Bw. Kamugisha hayupo, naye alihakiki kujumlisha tu. Hesabu zilikuwa sawa. Aliona alama zilizokatwa na nyingine kuandikwa juu yake, akajiuliza, asiulize, kwa sababu nani wa kumwuliza Mwalimu Leodegar? Mwenyekiti alisema hapo sote tumo.

Bi Hamisa aliombwa aseme. Alisema yeye hana la kusema. Kisha alisema kwa muda wa dakika kumi. Katibu ameagizwa na Mwenyekiti aandike lililo la msingi kama lilivyotamkwa:

"Mie nimemfulia huyu mtu kaptula na mashati miaka ishirini. Kola ikiwa na alama ya wino hata chembe, ananirudishia. Nikisema Mwalimu, mbona haionekani, ananambia Bi Hamisa, wewe na mimi tunajua ipo. Leo mtoto wangu analia siku nne hali chakula, kumbe kafaulu! Mwaka huu ndio wa mwisho kwake, kumi na nane hiyo inatimia mwezi wa nne, Chuo hakimpokei tena. Na baba yake keshamtafutia kazi Uzunguni, uyaya, Jumatatu anaanza. Angelikuwa mtu mwingine kafanya hivi ningemtukana. Sasa wewe nikuambieje?"

Mwalimu alijibu kwamba amtukane tu, ni haki yake. Bi Hamisa alivuta ukaya wake wa kichwani akajifunika uso, na Katibu hakuandika tena mpaka alipoacha kulia.

Bw. Elinaza aliomba nafasi. Alisema hapingi kwamba mtoto kaonewa, ila watu wazima watazame mbele. Jina la Demetria amekwisha kulipeleka Chuoni yeye mwenyewe Jumatano, kwa baiskeli, kwenye jua. Leo tukienda kumwambia Mkuu wa Chuo kwamba wastaafu wake wanakata alama kwa kubahatisha mwandiko, atasema basi, nafasi naichukua. Hapo atakosa Mwajabu, atakosa Demetria, na watakosa wa miaka yote ijayo. Alisema maji yakimwagika hayazoleki. Aliongeza kwamba wapo waliozoea kuwasahihisha wenzao mpaka namna ya kuitwa, na kwamba fundi hakuitwa Mwalimu Mianzini hata siku moja ingawa alifundisha miaka kumi na minne, kwa hiyo leo ni vizuri kila mtu akaonja.

Mwenyekiti alimwomba Bw. Elinaza asitoke nje ya ajenda.

Katibu alikiri kwamba hoja ya Bw. Elinaza, ile ya kwanza, ilimwingia. Aliuliza kama kuna yeyote anayeweza kujua Mkuu wa Chuo atasemaje.

Mwalimu Leodegar alisema yeye anajua. Alikwenda jana. Ilifahamika kwamba alitembea kwa miguu kutoka Temeke hadi Mianzini, na goti lile, akamweleza Mkuu wa Chuo kila kitu, bila kumtaja Katibu wala kutaja kwamba Bw. Kamugisha hakuwapo. Alisema hakuomba ruhusa ya chama kwa sababu aliona kosa ni lake, na kama kuna kufukuzwa, afukuzwe yeye kabla chama hakijatajwa. Mkuu alimwacha amesimama robo saa nzima akiangalia dirishani. Kisha akasema nafasi bado ipo, lakini jina lifike Jumatatu saa mbili asubuhi na si dakika moja zaidi, likiwa na sahihi ya kila mjumbe aliyehudhuria na ya mzazi wa mtoto, pamoja na kumbukumbu za kikao, ili aone mambo yalivyokwenda. Ikikosekana sahihi moja, nafasi inarudi Chuoni.

Bw. Elinaza aliuliza alirudije. Mwalimu alisema kwa miguu. Bw. Elinaza alisema angeliambiwa angempakia kwenye baiskeli. Alisema kwa hasira, lakini alisema.

Kikao kiliahirishwa saa kumi kwa ajili ya sala ya alasiri, na Demetria akatumwa awaite Mwajabu na baba yake.

KUMB. NA. 5/56: MASWALI KWA MWAJABU BINTI KONDO

Mwajabu alifika na karatasi yake ameikunja ndani ya kanga. Aliwaamkia wazee wote, Mwalimu akiwa wa kwanza.

Mwalimu aliomba ruhusa ya kuuliza swali moja tu. Alimwuliza mwandiko ule aliupata wapi, kwa kuwa yeye hakumbuki kumfundisha hata siku moja. Mwajabu hakuna anayemkumbuka akiwa mkekani na wanafunzi wa jioni. Alikuwa akija na kapu, kuchukua nguo za kufua na kurudisha zilizopigwa pasi, basi.

Mwajabu alijibu: "Nilikuwa nasubiri nguo, Mwalimu. Demetria akienda ndani kukusanya nguo chafu, mie nakaa pale ngazini. Wewe unaandika ubaoni, mie nafuatisha kwa kidole mchangani. Nikifika nyumbani naandika kwa mkaa. Bibi alikuwa ananigombeza kwa ukuta."

Bi Hamisa alithibitisha habari ya ukuta.

Aliulizwa ni muda gani amefanya hivyo. Alisema tangu Mwalimu alipohamia Temeke. Hiyo ni miaka mitatu.

Mwenyekiti aliona vyema Demetria naye aseme, kwa kuwa nafasi iko kwa jina lake. Demetria alisema yeye mwandiko wa babu yake hajaupata mpaka leo, kwa sababu babu akimfundisha yeye husinzia, na kwamba hata yeye Jumanne alishangaa kuwa wa kwanza. Alisema ana miaka kumi na mitano tu. "Mie mwakani nipo, na mwaka wa pili nipo. Mpeni Mwajabu nafasi yake. Siwezi kukaa darasani najua nimekalia kiti cha mwenzangu."

Katibu anaomba iingie katika kumbukumbu kwamba msichana huyu alisema hivyo bila kushauriwa na mtu, na kwamba babu yake alitazama chini muda wote. Katibu hana cha kuongeza ila kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa mtu mnyoofu huonekana naye alivyo.

Ndipo Mwalimu akasema jambo ambalo Katibu aliona linamwuma mwenyewe kuliko yote. Alisema katika miaka ishirini na saba ya Mianzini na mitatu ya barazani alikuwa na mamia ya wanafunzi, wengine akiwachapa rula za vidole, na aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa amekaa ngazini na kapu la nguo zake chafu. Na siku alipoiona kazi ya mwanafunzi huyo, akaikata alama kumi.

KUMB. NA. 6/56: BW. KONDO SALUM

Bw. Kondo alifika moja kwa moja kutoka bandarini, na vumbi la saruji mabegani. Alipoelezwa, alikataa.

Alisema yeye si mtu wa kuchezewa. Jumanne aliitwa, akaacha zamu, akasimama hapa hapa mbele ya watu, akasikia mtoto wake kashindwa. Watu wa mtaa wakampa pole kama kafiwa. Akasema haya, mapenzi ya Mungu, akaenda kuomba kazi ya uyaya, akatoa ahadi kwa mdomo wake. Leo anaambiwa kafaulu, tena kisirisiri, wakubwa watano na chai. "Kufeli kwake mlikutangaza na majirani wote wakasikia. Na kufaulu kwake mtanong'ona? Kama kweli kafaulu, semeni pale pale, na watu wale wale. Hamuwezi, basi mie sitii sahihi yangu popote. Jumatatu anakwenda kazini."

Bi Hamisa alimwambia mwanawe apunguze sauti mbele ya wazee. Bw. Kondo aliomba radhi kwa kuishusha sauti, si kwa maneno.

Mwenyekiti alianza kueleza kwamba jambo kama hilo linahitaji kupangiwa siku. Kabla hajamaliza, Mwalimu Leodegar alikuwa amekwisha simama na kusema Bw. Kondo ana haki, na kwamba atasoma yeye mwenyewe, leo, jua halijazama.

KUMB. NA. 7/56: MAAZIMIO

(a) Iliazimiwa kwamba alama kumi zirudishwe, na matokeo yasomwe upya leo hii.

(b) Mwalimu Leodegar alileta barua ya kujiuzulu uanachama na kuacha kufundisha watoto wa jioni. Bw. Elinaza alisema ipokelewe. Mwenyekiti alisema kwamba jikoni kwake mpishi aliyeunguza wali hakufukuzwa hata mmoja, alipewa sufuria akasugua. Barua haikupokelewa. Iliazimiwa Mwalimu asisahihishe tena mtihani wa chama peke yake, na kufundisha aendelee, tena Mwajabu akija likizo akae mkekani, mbele, asikae ngazini.

(c) Kuhusu sanduku. Bw. Elinaza alieleza kwa uchungu kwamba sanduku limekwisha, la mninga, na juu ya mfuniko amechonga DEMETRIA kwa patasi, herufi za kwenda ndani, na kwamba haliwezi kupigwa randa bila mbao kubaki nyembamba kama karatasi. Palikuwa na mjadala mrefu kuliko ilivyostahili. Demetria alishauri ubao ugeuzwe, jina liwe upande wa ndani, na nje lichongwe la Mwajabu. "Akifungua ananiona. Halafu na mie nikienda nitachongewa langu." Bw. Elinaza alifikiri, akasema inawezekana, bawaba zinahama tu. Alisema atakesha.

(d) Katibu aliandika barua mpya kwa Mkuu wa Chuo, na kwa kuwa mkono wa Katibu hausomeki na watu wengine, Mwalimu aliombwa aandike yeye orodha ya majina ya wajumbe, akiyataja kwa sauti. Mwalimu alitaja: Mzee Mwishehe Hija, Mwenyekiti. Bw. Bakari Marijani, Katibu. Bi Hamisa binti Shomari. Leodegar Komba. Mwalimu Elinaza Mshana.

Bw. Elinaza aliomba hapo parudiwe, hakusikia vizuri. Mwalimu alirudia. Bw. Elinaza aliomba kalamu, akatia sahihi kabla ya Mwenyekiti, jambo ambalo si utaratibu, lakini hakuna aliyemkataza.

KUMB. NA. 8/56: KUSOMWA UPYA KWA MATOKEO

Saa kumi na moja na nusu Demetria na Katibu walizunguka nyumba kwa nyumba kuwaita waliokuwapo Jumanne. Walikuja karibu wote, na wengine ambao hawakuwapo, kwa kuwa habari ilikwisha kuwatangulia. Wanawake waliacha kutwanga. Fundi baiskeli alikuja na gurudumu mkononi.

Mwalimu Leodegar alivaa koti lake la Mianzini. Alisimama ngazini. Mwenyekiti alimwekea kiti nyuma yake, hakukikalia. Alisoma majina tisa na alama zao, kuanzia wa mwisho, kama alivyokuwa akisoma Chuoni. Alipofika kwa Demetria alisema wa pili, sabini na moja. Kisha akasema:

"Karatasi namba saba, Mwajabu binti Kondo. Jumanne mliambiwa sitini na nane. Aliyezikata alama zile ni mimi, Leodegar Komba. Si kwa sababu alikosea. Nilidhani ni mtoto wangu nikaogopa maneno yenu. Mwajabu ni wa kwanza, sabini na nane. Bwana Kondo, nisamehe. Mwajabu, nisamehe. Wengine wote, ninyi ni mashahidi."

Mwajabu alipanda akampa karatasi. Mwalimu aliiweka juu ya kiti kile, akapiga goti lile bovu, akafuta sitini na nane na kuandika 78 kwa wino mwekundu, na pembeni akatia sahihi yake yote, jina na ukoo. Alipotaka kuinuka hakuweza. Aliyemshika mkono akamwinua ni Bw. Kondo.

Hapo makofi yalipigwa, na vigelegele, na Bi Hamisa alitupa leso yake hewani ikaangukia juu ya koti la Mwalimu, ikaachwa pale pale. Katibu ameshuhudia watu wakubwa wakipokewa mjini hapa kwa bendera na bendi. Hajaona mtu akipokewa hivi kwa kukiri kosa.

Bw. Kondo alitia sahihi barua. Kuhusu ahadi ya Uzunguni, alisema atakwenda kesho kuwaeleza, na kwamba akifukuzwa mlangoni si mara ya kwanza.

Bw. Elinaza alikubali kumpakia Mwalimu Leodegar kwenye baiskeli Jumatatu alfajiri, wapeleke barua pamoja.

KUMB. NA. 9/56: MENGINEYO NA KUFUNGA

Kwa kuwa Mkuu wa Chuo ametaka kumbukumbu hizi ziambatane na barua, Katibu alizisoma mbele ya wajumbe kama alivyokuwa amekwisha kuziandika hadi hapo.

Katika KUMB. NA. 3, kwa heshima ya umri wa Mwalimu na kazi yake, na kwa kuwa zinakwenda mikononi mwa mgeni, Katibu alikuwa ameandika kwamba Mwalimu "alikosea kidogo". Mwalimu Leodegar alimsimamisha. Aliomba karatasi, akatoa kalamu yake, akafuta "kidogo". Alisema: "Bakari, wewe na mimi tunajua."

Bi Hamisa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Kisha, kalamu ikiwa bado wazi mkononi, Mwalimu aliendelea kusoma kuanzia juu. Alipata makosa mengine manne, na mkato mmoja mahali pasipostahili, akayatia wekundu yote na kumrudishia Katibu, akisema mtunza stoo aliyehesabu vijiko miaka kumi na tisa angeweza kuhesabu na herufi.

Katibu hakulalamika. Anaomba iandikwe kwamba hajawahi kufurahi hivyo kuuona wino ule.

Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili na nusu, akamwuliza Mwalimu kama sasa atakunywa chai. Mwalimu alisema atakunywa, yenye sukari nyingi.

Sahihi: Mwishehe Hija, Mwenyekiti

Sahihi: Bakari Marijani, Katibu

Imesahihishwa: L. Komba